Elifuraha wa Kiboriloni: Mwalimu anayezungumza kupitia kompyuta kuukuu

Saa moja asubuhi. Sokoni Kiboriloni marobota ya mitumba bado yamefungwa kamba, na wanawake walioteremka na ndizi kutoka milimani wanapanga mikungu chini huku wakisalimiana kwa Kichagga. Nyuma ya soko, kwenye ghorofa ya juu ya chuo kidogo cha ufundi, Elifuraha Mlay anafungua kufuli na kuusukuma mlango kwa bega. Mbao zimevimba kwa mvua.

Chumba kina harufu ya vumbi lililopata joto. Zimo kompyuta kumi na nne, zile za zamani zenye skrini nene za kioo, ambazo ukitaka kuhamisha moja unamwita mwenzako. Zilipokuja zilikuwa nyeupe. Leo zina rangi ya chai ya maziwa.

Elifuraha haanzi na hizo. Anapita moja kwa moja hadi pembeni, nyuma ya pazia la kitenge, ambako mashine moja nyeusi imekaa juu ya matofali. Wanafunzi wanaiita Mama. Anabonyeza kitufe, feni inakohoa mara kadhaa, kisha inatulia kwenye mvumo wake. Ndipo anapopita meza hadi meza kuziamsha nyingine.

Ukimsalimia atakujibu kwa kuinamisha kichwa na kutabasamu, kisha atakuonyesha kiti. Unaweza kudhani ni mtu wa maringo. Mwandishi wa makala haya alidhani hivyo, akawa ameshaanza kujitambulisha mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi, pale skrini iliyokuwa mbele yake ilipofunguka dirisha dogo la kijivu lenye maandishi:

"Karibu. Nakusikia vizuri sana, usijichoshe kupaza sauti. Ni mimi tu nisiye na sauti. Wewe sema, nitajibu hapa."

Kule meza ya mwisho, Elifuraha alikuwa ameweka vidole kwenye kibodi, anamtazama mgeni wake na kusubiri aibu impite.

Hivyo ndivyo mahojiano haya yalivyofanyika: mmoja akiuliza kwa mdomo, mwingine akijibu kwa madirisha.

Mashine zisizo na kitu ndani

"Hizi kumi na nne hazina kitu ndani," anaandika. "Hazina diski, hazikumbuki chochote. Zikiwaka zinauliza kwenye waya, nani mama yangu? Mama anajibu. Kazi yote inafanyika kule nyuma ya pazia. Ukiandika barua, anayeiandika ni Mama. Kinachokuja mezani kwako ni dirisha tu, unachungulia kazi inayofanyika kwingine."

Na dirisha hilo, anaongeza, linaweza kufunguliwa popote waya unapofika. Anayejua amri zake anaweza kuwasha programu akiwa meza ya mwisho, ikajitokeza kwenye skrini ya meza ya kwanza. Ndiyo maana kompyuta ambazo ofisi nyingi zilikwishazitupa bado zinafanya kazi hapa: hazibebi mzigo, zinauonyesha tu.

Alijifunza hayo kwa bahati. Alikuwa katibu muhtasi wa chuo, kazi yake kuchapa mitihani, mwaka ambao kompyuta hizo zililetwa kama msaada zikiwa zimefungwa kwenye magodoro. Chuo kikamwita fundi kutoka Arusha, kijana anayeitwa Fredy, aje aziunganishe. Fredy alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya waya. Elifuraha akashika.

"Alikuwa anafanya kazi huku anaongea, na mimi nilikuwa nauliza kila kitu," anaandika. "Alipopata kazi Dar nilimpigia simu kila kitu kilipogoma. Mwisho akaniambia, dada Eli, sasa unajua kuliko mimi, utaniaibisha kazini kwangu."

Akapewa darasa. Kwa miaka saba alifundisha wasichana wa ushonaji na upishi jinsi ya kuandika barua, kupanga hesabu za duka na kuchora matangazo ya biashara. Mkuu wa chuo, Leodegar Shirima, anaikumbuka sauti ya siku zile.

"Mimi ofisi yangu iko chini," anasema. "Sikuhitaji kupanda ngazi kujua somo limefika wapi. Hata wauza mitumba walikuwa wanalijua."

Ilikuwa sauti ya kwaya. Usharikani kwao Mwika, Elifuraha alikuwa anaongoza sauti ya kwanza tangu usichana wake, na Jumapili za sherehe watu walikuwa wanageuka kumtazama.

Alipoamka akaomba maji

Mwaka 2017 rovu lililokuwa limekaa shingoni mwake kwa muda mrefu lilianza kumbana pumzi. Hospitalini walimwambia litolewe. Walimweleza pia kwamba mishipa ya fahamu ya sauti inapita karibu sana na mahali watakapokata, na kwamba hatari ipo.

"Walinieleza vizuri, sikudanganywa na mtu," anaandika. "Nilikuwa sipati usingizi kwa kukosa hewa. Nikasema kateni."

Alipoamka aliomba maji. Midomo ilitikisika, hewa ikatoka, neno halikutoka. Muuguzi akamwambia apumzike, wengi huanza hivyo.

Miezi ikapita. Kilichobaki ni mnong'ono ambao huwezi kuusikia mpaka uweke sikio mdomoni pake, nao unamchosha upesi. Madaktari walimwambia asubiri, huenda sauti ikarudi.

"Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani nilijaribu kusema jina langu," anaandika. "Taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Siku moja nikagundua nimeshavaa, nimekunywa chai, na sijajaribu. Nikajua nimeshaacha kusubiri."

Darasa alipewa mwalimu wa kukodi. Elifuraha akahamishiwa stoo, kugawa vitambaa na uzi, na posho ya ufundishaji ikakatwa. Leodegar anasema hakuona njia nyingine. "Mwalimu bila sauti, ungefanyaje? Nilikuwa namhurumia, lakini huruma haifundishi."

Siku moja mwalimu yule wa kukodi hakutokea, na wanafunzi walikuwa wanazurura koridoni. Elifuraha alikwenda ofisini kwa mkuu, akazunguka meza, akamwinamia sikioni na kumnong'oneza maneno mawili: "Nipe leo."

Leodegar akampa ile siku.

Miongoni mwa wanafunzi wa darasa lile alikuwepo Loveness, ambaye sasa ana duka la kuchapa na kudurufu pale Himo, karibu na njia panda ya Marangu. Anasimulia huku akicheka.

"Aliingia, akakaa mwisho, kimya. Sisi tukaanza vurugu. Mara kwenye skrini yangu kikatokea kidirisha: 'Loveness, shusha miguu kwenye meza.' Nikageuka, naona anaangalia kibodi yake tu. Mwenzangu naye akapiga yowe, kaambiwa atafune big-ji akifunga mdomo. Darasa zima likatulia, kila mtu anaiogopa skrini yake."

Kutoka hapo akaendelea. Alikuwa anaweza kuifungua kazi ya mwanafunzi yeyote kwenye skrini yake mwenyewe na kuandika humo humo, na mwanafunzi akaona herufi zinajipanga mbele yake.

"Walimu wengine wanapita nyuma yako, wanaona kosa, wanasema, wanaondoka," anasema Loveness. "Madam Eli anaingia ndani ya kazi yako. Unaandika, unakwama, unaona neno linakuja. Halafu kidirisha: 'Umefanya vizuri, aya hii iache hivi hivi.' Sijawahi kufundishwa na mtu aliyekuwa karibu vile, na wala hakuwa amesogea kwenye kiti."

Stoo hakurudi tena.

Nje ya mlango

Ndani ya chumba kile, Elifuraha anasema, ni mtu wa maneno mengi. Anatania, anagomba, anabembeleza. Akishafunga kufuli na kushuka ngazi, yote yanabaki juu.

"Sokoni nikinyoosha kidole kwenye parachichi, muuzaji ananipigia kelele bei kama niko ng'ambo ya mto," anaandika. "Watu wakiona husemi wanaamua husikii. Wakishaamua husikii, wanaanza kukusema ukiwa umesimama hapo hapo. Nimesikia mengi kuhusu mimi."

Wanakwaya walikuwa wanakuja kumtembelea, wawili wawili, kila Jumapili mchana. Walikaa, wakasema habari za usharika, yeye akaandika majibu kwenye simu na kuwapitishia. Kusubiri kuliwachosha. Kabla hajamaliza kuandika, maongezi yalikuwa yameshahamia kwingine, na jibu lake likafika limechelewa kama mchekeshaji aliyesahau zamu yake. Wageni wakapungua. Hakumlaumu mtu. Kanisani akahamia benchi la karibu na mlango.

Hakuwahi kuolewa. Kuhusu hilo aliandika sentensi moja tu: "Hiyo ni habari nyingine na si ya gazeti."

Lakini upweke wenyewe hasa, anasema, uko nyumbani.

Anaishi Mwika na mama yake, Elizabeth Mlay, mwenye umri wa miaka themanini na nne, katika kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, alichoachiwa na marehemu baba. Kaka zake wawili wako mbali na hupanda kuja Mwika wakati wa Krismasi. Mama Elizabeth alivunjika nyonga alipoteleza kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, akifungulia migomba maji, na tangu hapo zaidi ya nusu ya siku yuko kitandani. Masikio yake yanataka mtu wa kupaza sauti. Macho yake yalikuwa yameshafunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho hata kabla binti yake hajaingia chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo mnong'ono wa Elifuraha mama hausikii, na maandishi yake mama hayaoni.

Walibuni njia yao. Mama anauliza, binti anagonga ubao wa kitanda: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Umefika salama? Gonga. Ng'ombe ameshakula? Gonga. Mvua imenyesha Moshi? Gonga gonga.

"Jioni tunakaa hivyo," Elifuraha aliandika, na kwa mara ya kwanza vidole vyake vilienda taratibu. "Yeye anasema, mimi nagonga. Tatizo la ndiyo na hapana ni kwamba anapata majibu ya yale tu aliyofikiria kuuliza. Yale asiyofikiria kuuliza yote yamebaki kwangu. Mimi ni mtoto wake na ananijua kama mtu aliyeishia mwaka 2017."

Akatoa mfano. Mama anaamini koo la binti yake linamuuma, na kwamba linamuuma tangu siku ile. Akiuliza, Elifuraha anagonga hapana. Mama anasema, "Unanificha." Asali inayoletwa na jirani haigusi, anamwachia Elifuraha kwa ajili ya koo. Miaka minane.

"Nimeinywa asali hiyo yote," aliandika. "Ningemwambiaje?"

Siku ya mwisho ya darasa

Mwanzoni mwa mwaka huu chuo kilipata wafadhili wapya. Zikaja kompyuta mpakato ishirini, nyembamba, kila moja ikijitegemea, pamoja na mwalimu mpya aliyehitimu karibuni. Chumba cha juu kikahitajika.

Leodegar aliliongea jambo hilo bila kuzunguka. "Wasichana wakitoka hapa wanakwenda kukutana na kompyuta hizi mpya, sio zile. Ni haki yao. Eli mwenyewe nilipomwambia alikubali kabla sijamaliza." Elifuraha anabaki kuwa mtumishi wa chuo; atakuwa chumba cha masijala, kutunza majalada ya wanafunzi. Ni chumba kisicho na mtu mwingine.

Je, alikubali kweli?

"Ana haki," likaja jibu. "Mimi mwenyewe ningekuwa mzazi ningetaka mtoto wangu afundishwe kwenye mpya. Nilikwenda chooni nikalia. Faida yangu mimi ni kwamba nikilia hakuna anayesikia."

Ijumaa ya mwisho mwandishi alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Somo lilikuwa la kawaida, kupanga bei za gauni kwenye jedwali. Lilipokwisha, wasichana hawakuinuka. Elifuraha akaanza kuandika maneno yake ya kuaga, na kwenye skrini zote kumi na nne likafunguka dirisha moja kubwa, sentensi zikijitokeza herufi kwa herufi: aliwashukuru, akawaambia mashine mpya zina kasi kuliko hizi na wasiziogope.

Hakufika mbali. Kwenye skrini yake mwenyewe kikafunguka kidirisha. Kisha kingine. Kumbe wasichana walikuwa wamejifunza amri ile ile, kwa kumchungulia mabegani, wakaihifadhi kwa siku hiyo. Vidirisha vikajaa kimoja juu ya kingine mpaka maneno aliyokuwa anayaandika yakafunikwa kabisa. Kimoja kilisema asante. Kimoja kilimwomba msamaha kwa habari ya simu iliyolia kwenye mtihani. Kimoja, cha msichana mkimya kutoka upande wa Rombo, kiliandikwa: "Madam, nyumbani kwetu hakuna anayeniuliza kitu. Wewe ulikuwa unaniuliza."

Chumba kizima kilikuwa kimya. Kibodi tu ndizo zilikuwa zinalia.

Elifuraha aliondoa mikono mezani. Alisoma vyote. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya pazia na kumzima Mama, na skrini zote kumi na nne zikaingia giza kwa pamoja.

Fuso ya ndizi

Mkuu alimruhusu achukue anachotaka kabla vingine havijauzwa kama chuma chakavu. Alichukua mashine sita zenye afya, waya wote, na Mama. Fuso iliyokuwa imeshusha ndizi Kiboriloni na inarudi tupu ikampandishia mzigo hadi Mwika. Majirani walidhani ni televisheni.

"Sikujua nazifanyia nini," aliandika baadaye. "Nilishindwa tu kuziacha pale."

Siku zile zile madaktari wa macho walipita usharikani kupima wazee. Jicho la kushoto la Mama Elizabeth, walisema, limeshakufa kwa presha ya macho. La kulia lina mtoto wa jicho tu. Likisafishwa, linaweza kuona. Hawakuahidi ni kwa kiasi gani. Walimtaka ashuke Moshi.

Elifuraha aliikunja karatasi ya daktari akaiweka juu ya kabati. Ikakaa huko.

"Niliogopa," alikiri. "Mimi niliingia kule natembea, nikatoka bila sauti. Yeye ni mzee. Nikajiambia heri tuendelee kugonga kitanda kuliko nikose hata wa kumgongea."

Aliyevunja ukimya huo ni mama. Jirani alimfokea sikioni habari ya wazee waliokwisha kupasuliwa, na jioni Mama Elizabeth akamuuliza binti yake: "Na mimi nimo katika hao wanaoweza kupona?"

Elifuraha alisimama kando ya kitanda, mkono hewani. Angeweza kugonga mara mbili na mambo yangeishia hapo. Akagonga mara moja.

"Basi nipeleke," akasema mama.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi, Elifuraha akasubiri nje pamoja na wengine waliokuja na wazee wao, kila mmoja na chupa yake ya chai. Bandeji ilipotolewa kesho yake, Mama Elizabeth alisema anaona mwanga, halafu mtu mwenye nguo nyeupe, halafu akasema kwa Kichagga kwamba binti yake amezeeka.

Maandishi ya kitabu hayaoni. Nyimbo za kanisani hataweza kuzisoma tena. Lakini herufi kubwa, zenye kung'aa gizani, anaziona. Alisoma hadi darasa la nne, na alikuwa mweka hazina wa umoja wa wanawake, hivyo kusoma hakujasahau.

Mazungumzo ya jikoni

Ndipo Elifuraha alipojua alibeba mashine zile za nini. Aliweka skrini moja miguuni pa kitanda, juu ya kasha la kuwekea kahawa. Nyingine akaiweka jikoni, nyumba ndogo iliyo upande wa pili wa ua, kwa sababu huko ndiko anakoshinda jioni. Mama, ile mashine, akakaa chini ya kabati la vyombo. Waya ukapita juu ya kamba ya nguo, ukaingia dirishani.

Jirani alimuuliza kwa nini asiandike tu kwa mkaa kwenye ubao. Jibu lake: ubao mpaka uubebe uende nao, na chumba kile hakina mwanga. Isitoshe, alitaka mazungumzo ya watu wanaoishi nyumba moja, ya kuitana kutoka jikoni.

Mara ya kwanza aliandika maneno matatu tu, herufi kubwa kama kiganja: MAMA, NI MIMI.

Nyumbani kwao huzungumza Kichagga. Lakini Mama Elizabeth alijifunza kusoma kwa Kiswahili, na kwa Kichagga hajui hata aanze wapi kusoma. Kwa hiyo mazungumzo yao ya kwanza baada ya miaka minane yalikuwa ya Kiswahili, kama watu waliokutana ofisini.

Mama alisoma silabi kwa silabi kwa sauti, na binti akamsikia kutoka jikoni. Ma-ma. Ni. Mi-mi. Kisha sauti ya mama ikavuka ua: "Nakuona. Endelea."

Elifuraha akaandika: KOO HALIUMI. HALIJAWAHI KUUMA.

Mama akasoma. Akarudia kusoma.

"Haiya! Sasa mbona hukusema?"

Elifuraha anasema alicheka mpaka akaketi kwenye majivu. Kule chumbani mama naye alikuwa anacheka, kwa sauti ya watu wawili. Maziwa yakafurika jikoni, moto ukazimika, wala hakuna aliyejali. Asali, mama alisema baadaye, sasa irudishwe kwake.

Mwandishi alipopanda Mwika wiki mbili baada ya siku hiyo, alikuta mashine nyingine nne zimepangwa kwenye chumba cha zamani cha shule ya Jumapili, ambacho usharika umempa Elifuraha akitumie siku za Jumamosi. Mwezi ujao anataka kuanza na wasichana wanne waliomaliza kidato cha nne na kubaki vihambani. Atakuwa anawafundisha vile vile, akiwa kwenye meza ya mwisho, kwa madirisha; kila Jumamosi Mama, ile mashine, na skrini ya jikoni vitabebwa hadi huko, na jioni vitarudi nyumbani.

"Siku za kazi bado nashuka masijala, na sokoni mimi bado ni bubu," aliandika, safari hii kwenye skrini ya jikoni, moshi ukimchoma macho. "Sitakudanganya kwamba upweke umeisha. Nitakuwa na wanafunzi wanne na mama mmoja. Lakini kuna watu wana sauti na hawana hata huyo mmoja. Nataka pia nivute waya hadi barazani, mama awe anaota jua huku tunaongea. Hizi skrini zikifa, nitatafuta nyingine. Watu wanazitupa kila siku."

Kabla ya kuondoka mwandishi aliingia chumbani kuaga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa gazeti?" Mama Elizabeth alikuwa ameegemea mto, jicho lake moja halibanduki kwenye skrini, ambako herufi zilikuwa zinaendelea kuja kutoka jikoni. Alinyoosha mkono kumzuia mgeni asimzibe. "Sasa mwanangu, umeshauliza ya kutosha. Usinimalizie maneno yake. Ana ya miaka minane, na mimi hata ya mwaka wa kwanza bado sijayasoma yote."